Kiu ya Mzee Aminiel

Ndeanasia Munisi aliingia na jagi la mbege, pombe ya ndizi, akaijaza glasi iliyokuwa mezani mbele ya mjomba wake, akatoka bila kumtazama usoni. Si kwamba hakuwa na adabu. Aliogopa kwamba wakitazamana mmoja wao angecheka, na Daktari Swai hapendi vicheko ndani ya maabara yake.

Mzee Aminiel Kweka akabaki peke yake katika chumba cheupe, yeye na glasi, kichwani amevikwa kofia ya nyaya. Alikunja mikono juu ya tumbo kama abiria aliyekwisha kukata tamaa na ratiba. Nyuma ya kioo, Swai na Ndeanasia walikuwa wameikodolea macho skrini, na skrini ilikuwa inawaonyesha mstari ulionyooka, umelala, hauna habari.

"Mwekee karibu zaidi, aipate harufu," alisema Swai.

"Iko chini ya pua yake, Daktari."

"Basi nimeona makubwa. Mimi nimepima mpaka watu ambao hawajawahi kuonja pombe maishani, na hata wao wanashtuka kuliko huyu."

Mtu huyu walikuwa wamemtafuta kwa muda mrefu. Mlevi wa zamani, tena si mlevi wa masihara, mlevi wa kuokotwa mferejini, aliyeacha pombe angali kijana na hakuirudia tena, hata sasa mvi zimemjaa kichwa. Na hakutumia punje. Siku hizi ukisema umeacha pombe bila punje, watu wanakutazama kana kwamba umesema umepanda Kibo pekupeku.

Punje ni kadude kadogo, ukubwa wa mbegu ya ulezi. Inapandikizwa nyuma ya sikio, na mtu anarudi kwake siku hiyohiyo. Kuanzia hapo inausikiliza ubongo. Kiu ya pombe ikianza kunyanyua kichwa, kabla mwenyewe hajaitambua, punje inaizima. Haimkatazi mtu kitu, inamfanya asitake. Miaka mingi mlima mzima uliishi kwa raha namna hiyo. Ndoa zilipona, na watoto wakasahau kutambua hali ya baba kwa mlio wa hatua zake. Ubaya wake ulikuja kuonekana baadaye. Punje inazeeka, nyama inaota na kuizingira, nayo inakuwa kiziwi; na ubongo uliokwisha kuizoea haukubali nyingine. Watu waliokaa salama miaka nenda miaka rudi wakaanza kuamka asubuhi na kiu mbichi, na hawajui hata kuikataa mara moja.

Ndipo Daktari Swai akaja na wazo la njia. Mtu anayekataa kila mara, alisema, anakanyaga njia ndani ya ubongo wake jinsi watu wanavyokanyaga njia katikati ya shamba. Njia hiyo inasomeka, na ikisomwa inaweza kupandikizwa kwa mwingine. Ila haionekani mpaka ikanyagwe: lazima mtu awe na kiu na aikatae palepale, kofia ikiwa kichwani. Tena kule kusoma kunaichoma njia yenyewe. Mwanamke mmoja aliyesomwa katika majaribio ya mwanzo alirudi kwao hana njia tena, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa anatambaa kutoka kilabuni. Swai, tumpe haki yake, hakumficha mzee jambo hilo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akaenda kuketi.

Na sasa mstari umelala.

"Kiu yake imekufa," alisema Swai, akazima skrini. "Mtu asiye na kiu hana anachokikataa. Mrudishe nyumbani, Ndeanasia, na umwambie tunamshukuru."

Ndeanasia alijua kwamba daktari amekosea. Alijua pia amekosea wapi, na mtu yeyote aliyekulia kwenye migomba angelijua. Swai ni Mmachame, lakini ni Mmachame wa kwenye kitambulisho: kazaliwa Arusha mjini, kalelewa Arusha mjini, na bibi yake alikuwa anamwona kwenye simu. Ndeanasia alifungua kinywa amwambie, akakifunga. Akashika jagi lililobakia nusu na kwenda kulimwaga kwenye sinki, haraka, uso ameugeuzia ukutani.

Punje yake mwenyewe ilikuwa imekufa wiki iliyopita, na hakuwa amemwambia mtu.

*

Kigari cha kamba kilikuwa kinapanda polepole juu ya migomba kuelekea Ng'uni Juu. Huko ndiko mzee anakofanyia kazi ya kuziba matundu ya nyavu zinazokamata mawingu na kuyageuza maji, tangu theluji ilipokwisha mlimani na mito ikakauka. Walikuwa wawili tu ndani.

"Mjomba, kiu yako imekufa kweli?"

Mzee Aminiel alicheka mpaka akakohoa. "Kwani ile mliyoniwekea ilikuwa mbege? Mimi nilidhani ni dawa ya kusukutulia meno."

"Ilikuwa mbege. Kituo kina mtambo wake."

"Mbege ya nani? Nani ameipika, nani ameionja, nani ananipa? Imewekwa kwenye glasi kama mkojo wa kupeleka kupimwa. Mwanangu, mimi sikuwahi kulewa na glasi. Nililewa na watu."

Hilo ndilo Ndeanasia alilokuwa analijua. Alitazama chini, kituo cha kigari kinavyozidi kuwa kidogo. Pale pale, kabla hajawekewa punje, alipanda siku moja amelewa, akafika juu anaimba, na mwanawe mchanga amemsahau kwenye benchi. Majirani ndio waliomleta, amelowa, amelia mpaka sauti imekauka. Mtoto yule sasa yuko darasa la tano. Anampenda mama yake, na habari ile haijui.

"Punje yangu imekufa," alisema.

Mzee hakushtuka. "Umemwambia nani?"

"Wewe. Jana nilisimama mlangoni kwa muuza mbege mpaka akaniuliza kama nimepotea."

"Ukaingia?"

"Simu iliita. Nisingepigiwa simu, ningeingia."

"Na kiu ikija, huwa unafanyaje?"

Ndeanasia alifikiri, akaona aibu. "Sijui, Mjomba. Sijawahi kufanya kitu chochote. Punje ndiyo iliyokuwa inafanya."

"Basi wewe ni mlevi mpya," alisema mzee, "ila nywele ni za zamani." Akampiga begani kidogo, naye Ndeanasia akajikuta anacheka na machozi yanamtoka.

Alipotulia alimweleza yote, maana hakutaka kumzunguka. Kesho kuna suluhu nyumbani kwa mzee, wadogo zake wawili wanapatanishwa. Kutakuwa na chungu, kutakuwa na kata ya kunywea, kutakuwa na watu. Yeye akija na kofia kesho, skrini itawaka, ana hakika. Na ikiwaka, njia inaweza kusomwa. Na ikisomwa, huenda mzee akaamka keshokutwa hana kitu mkononi, akawa kijana yule wa mferejini katika mwili wa mzee.

"Nikinyamaza, Daktari hatajua," alimaliza. "Mambo yataishia hapo."

"Wanaosubiri ni wengi?"

"Wamejaa orofa nzima ya chini. Wengine wanalala kwenye korido."

"Na wewe umo."

"Na mimi nimo."

Mzee Aminiel aliangalia nyavu zake zilizotanda juu ya msitu, zinadondosha maji. "Lete hiyo kofia," alisema, kama mtu aliyeombwa jembe na jirani.

Ndeanasia alitamani angekataa. Angekataa, kila mtu angebaki na lake na yeye angepata wa kumlaumu. Badala yake alimwona mtu ambaye amekilinda kitu kimoja maisha yake yote, na sasa anakitoa bila hata kuuliza atalipwa nini. Alimheshimu mpaka akamwogopa.

*

Suluhu ilianza jua likiwa bado kali. Ndewirwa na Elisaria, wadogo wa mzee, walikuwa wamegombania mpaka wa wavu tangu mvua za mwaka jana, wakafikia kupita njia moja bila kusalimiana. Sasa walikuwa wameketi kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, majani ya isale, alama ya kuombana msamaha, yamewekwa katikati yao, na watu wa ukoo wamewazunguka chini ya migomba. Mzee Aminiel alivaa kofia yake ya kila siku. Chini yake ilikuwepo ile nyingine ya nyaya, nyembamba kuliko ya maabara, na hakuna aliyeijua ila watatu.

Wa tatu alikuwa Daktari Swai. Alikuja na shati jeupe na viatu vya mjini, akaketi karibu na Ndeanasia, kulia kwake, wakiwa na skrini ndogo katikati yao imefunikwa na khanga. Asubuhi, alipoambiwa kosa lake la glasi, alisema, "Bibi yangu angenichapa." Lakini hakuahirisha. Kitufe cha kusomea kilikuwa chini ya kidole gumba cha Ndeanasia, kwa sababu ndiye msomaji bora wa kituo na mkono wake hautetemeki.

Mama Aikande, dada mkubwa wa mzee na mama mkubwa wake Ndeanasia, alichota mbege chunguni, akaijaza kata na kumpa ndugu yake. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Mwenye nyumba ndiye anayetangulia kuonja, ili wageni wajue wanachopewa hakina ubaya. Asipoonja yeye, hakuna anayekunywa. Na wasipokunywa, hakuna aliyepatanishwa.

Povu lilipofika chini ya uso wake, mstari kwenye skrini uliruka mpaka ukakosa pa kwenda.

"Mungu wangu," alinong'ona Swai. "Hii ni kiu ya mtu aliyeacha jana."

Ndeanasia alimtazama mjomba wake. Uso wa mzee ulikuwa umetulia vilevile, mikono imetulia, na ndani mwake kumbe mna moto wa namna hii! Miaka yote ile, kwenye kila harusi, kila msiba, kila ubatizo, watu walimwona mzee mchangamfu anapokea kata na kuipitisha, wakadhani amesahau. Hakuwahi kusahau. Kila mara alikuwa anaanza upya, palepale mbele yao, na hakuwahi kumwomba mtu yeyote amsifu.

Mzee Aminiel aligeuka kushoto. "Dada," alisema, "mdomo wangu."

Mama Aikande aliipokea kata, akanywa funda moja la kutosha, akafuta midomo kwa kiganja. "Aminiel amekunywa," alisema kwa sauti. "Ni safi."

"Amekunywa!" waliitikia watu wote.

Tangu utotoni Ndeanasia aliliona jambo hili na kulidhania ni utani wa wazee. Alikuja kuelezwa na mama yake alipokuwa mtu mzima. Aminiel alipoacha pombe, ukoo ulikwama: mwanamume mkubwa wao hawezi kuonja, na asipoonja hakuna kikao. Wengine walisema aonje kidogo tu, kidogo kitamfanya nini, wakasahau kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndipo Mama Aikande akasema, mimi nitakuwa mdomo wake. Na mdomo hauazimwi kwa siku moja. Kata yoyote itakayomfikia Aminiel, lazima dada yake awe kushoto kwake. Kwa ajili hiyo alikataa kuhamia Dodoma kwa wanawe. Mwaka aliovunjika mguu, aliletwa kwenye harusi amebebwa kwenye kiti.

Kwenye skrini njia ilikuwa imewaka. Ndeanasia aliisoma kwa macho, akaisoma tena. Swai alitarajia itoke kwenye kiu ipande moja kwa moja nyuma ya paji la uso, kwenye nguvu za kukataa. Haikwenda huko. Ilizunguka ikapita mahali ubongo unapohifadhi sura za watu, ikapita kwenye sauti, na wale waliokaa chini ya migomba waliposema "amekunywa," ilizidi kuwaka.

"Bonyeza," alisema Swai. "Inawaka yote. Bonyeza sasa."

"Daktari, njia yake inapita kwa dada yake. Tukimpandikizia mtu wa Mwanza, itampeleka kwa Mama Aikande. Hamjui Mama Aikande."

"Tutazichuja sura. Itabaki njia."

"Ukizichuja sura hakuna njia."

"Huna hakika."

"Sina."

Na hapo ndipo pagumu, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja katika orodha nzima ya wanaosubiri ambaye njia ile ingemfaa ilivyo, bila kuchuja kitu. Mtu huyo anamjua Mama Aikande. Amelelewa naye, amechapwa naye, amelala mgongoni kwake. Ndeanasia angebonyeza, jioni angepandikizwa, kesho angepita mlangoni kwa muuza mbege kama anayepita mlangoni kwa fundi viatu. Mwanawe asingejua kamwe. Kidole gumba kikaegemea kitufe.

Mzee Aminiel alimwangalia kutoka ng'ambo ya chungu. Aliinamisha kichwa polepole, kumruhusu. Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo lilimuuma Ndeanasia kuliko kama angemkasirikia.

Akaondoa kidole.

Kata ilikuwa imekwisha kufika kwa Ndewirwa. Ndewirwa alikunywa, akampa Elisaria, na Elisaria akasita kwanza, kisha akanywa; wanawake wakapiga vigelegele. Kwenye skrini mstari ulishuka ukalala.

"Umewaacha," alisema Swai kwa sauti ya chini, amekasirika mpaka midomo imekauka. "Orofa nzima. Nikirudi nitawaambia nini?"

"Tutawauliza wana nani."

"Hiyo si tiba."

"Labda si tiba. Lakini mzee ameishi nayo."

Swai alitaka kujibu, lakini kata ilikuwa inazunguka, na kata hairuki mtu. Aliyeketi kushoto kwa Ndeanasia alinywa, akageuka, akamnyooshea. Ndeanasia aliipokea kwa mikono miwili.

Harufu ya ndizi na kimea cha ulezi ilimpanda, na kiu ikaja. Haikuja kichwani kama alivyofikiri. Ilikuja kwenye taya, kwenye viganja, kwenye magoti. Ikamwambia kwa upole kwamba ni funda moja tu, na mbele ya wazee nani atamlaumu. Akasubiri punje izime, kwa mazoea. Hakuna kilichozima. Watu walikuwa wanaongea na kucheka, hakuna anayemtazama. Aliona waziwazi kwamba akinyamaza kidogo tu zaidi, atakunywa.

"Punje yangu imekufa," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Vicheko vikakatika. "Mimi ni mlevi. Mnajua nilivyokuwa, mnajua nilivyomwacha mtoto. Siwezi kunywa hii, na sina mdomo."

Mama Aikande aliinuka nusu, na mzee akamshika mkono kumketisha. "Wewe ni wangu, dada. Ukiwa wa wawili, siku tukialikwa pawili utamnyima mmoja."

"Basi anayesema ndiyo, aelewe," alisema Mama Aikande, akiwatazama mmoja mmoja. "Si wa leo. Ni kila harusi na kila msiba, uwe na safari, uwe na homa. Siku usipokuja, yeye anakaa nje peke yake. Asiyeweza anyamaze, hatutamlaumu."

Walinyamaza. Wote walikuwa na safari zao, na Ndeanasia hakumlaumu hata mmoja.

"Wiki nzima nimekuwa nikikutuma na jagi," alisema mtu.

Alikuwa Daktari Swai. Alikuwa amekwisha kusimama, uso umempauka, na skrini imeanguka chini ya benchi. "Wiki nzima, mimina, ongeza, sogeza karibu. Nawe huna punje. Hukuniambia."

"Ungeniondoa kazini."

"Ningekuondoa," alikubali. Aliwatazama wazee, akameza mate. "Mimi sijui kuishika hiyo kata. Lakini nitakuja. Kila mara mtakaponiita, nitakuja."

"Wa Arusha huyu!" alisema mmoja, na watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha kumsogezea kiti. Mama Aikande akamwonyesha upande: kushoto, si kulia. Swai akazunguka, akaketi kushoto.

Ndeanasia alimgeukia. Maneno yalikuwa mawili tu, na alihangaika kuyatoa. "Mdomo wangu," alisema.

Swai aliipokea kwa mkono mmoja, akakemewa, akaongeza wa pili. Alikunywa vibaya, mbege ikamshukia kidevuni mpaka kwenye shati jeupe. "Ndeanasia amekunywa," alisema.

"Hatusikii!"

"Ndeanasia amekunywa! Ni safi!"

"Amekunywa!" waliitikia, na sauti ya mzee Aminiel ilizishinda zote.

Swai alimrudishia kata. Ilikuwa nzito bado, na kiu yake ilikuwa palepale, haikupungua hata kidogo. Ndeanasia alimpitishia aliyeketi kulia, kwa mikono miwili, akabaki ameketi.